Kuthamini Mali ya Marehemu: Hesabu Kwanza, Kugawa Baadaye

Wahenga walisema, "Mali bila daftari huisha bila habari." Neno hili latumiwa sana kwa wenye maduka, lakini hakuna mahali lilipo na ukweli zaidi kuliko katika nyumba ya marehemu. Mzee akiisha kuzikwa, na wageni wakiisha kurudi makwao, jamaa hukaa chini na kuulizana maswali mawili. La kwanza ni hili: Ameacha nini? La pili: Alichoacha kina thamani gani? Swali la kwanza kila mtu hujidai kulijua jibu lake. Swali la pili huachwa bila kujibiwa, na kwa mlango huo ugomvi huingia, nao huweza kukaa katika jamaa miaka ishirini.

Somo la juma hili lahusu swali hilo la pili, yaani kuthamini mali ya mtu aliyekufa kabla ya kuigawa kwa warithi wake. Twaomba msomaji alisome polepole, na ikiwezekana awasomee wazee na akina mama wa nyumbani kwake, kwa maana jambo lenyewe halimhusu tajiri peke yake. Mwenye ekari mbili na ng'ombe mmoja ana mirathi sawasawa na mwenye nyumba za ghorofa mjini.

EKARI SI FUNGU

Tuchukue mfano. Ni mfano tu, wala haumhusu mtu yeyote aliye hai au aliyekufa.

Mzee mmoja alikufa bila kuandika wosia. Aliacha wake wawili. Nyumba ya kwanza ina mama na watoto watatu. Nyumba ya pili ina mama na watoto wanne. Aliacha shamba la ekari 4 kando ya barabara ya lami, karibu na soko. Shamba jingine la ekari 8 bondeni, mahali pasipopita gari wakati wa mvua. Chumba cha duka sokoni. Ng'ombe 3 wa maziwa. Pikapu iliyokwisha tumika miaka mingi. Na fedha kidogo benki. Aliacha pia madeni.

Baada ya matanga, mwana mkubwa wa nyumba ya kwanza alisimama mbele ya wazee akasema, "Sisi tutachukua ekari 4 za juu pamoja na duka. Ndugu zetu wa nyumba ya pili ni wengi, basi na wapewe ekari 8, na ng'ombe wote, na pikapu, na fedha za benki." Wazee waliitikia kwa vichwa. Walioketi nyuma walinong'ona kwamba nyumba ya pili imependelewa, kwa kuwa imepata ardhi mara mbili.

Je, imependelewa kweli? Tushike kalamu. Tufanye kwamba ekari moja kando ya lami huuzwa kwa Sh. 1,500,000, na ekari moja bondeni Sh. 300,000. Ekari 4 za juu ni Sh. 6,000,000. Ekari 8 za bondeni ni Sh. 2,400,000. Kumbe aliyepewa ekari nyingi amepata chini ya nusu ya thamani ya mwenziwe, hata kabla duka halijahesabiwa! Mama wa nyumba ya pili, ambaye huenda hakuulizwa neno, ameondoka barazani akishukuru kwa kunyimwa.

Huu ndio msingi wa somo letu: ekari si fungu. Kilicho fungu ni thamani. Basi apimaye ardhi kwa kamba bila kuipima kwa thamani hajagawa mirathi bado.

WAZEE WA ZAMANI WALIJUA KUTHAMINI

Asifikiri mtu kwamba kuthamini ni jambo geni lililoletwa na mahakama. Babu zetu walithamini sana, ingawa hawakuandika. Ng'ombe mwenye ndama hakuhesabiwa sawa na dume mzee. Mbuzi kadhaa walijulikana kuwa sawa na mtamba mmoja. Mzee aliyegawa mifugo wa marehemu aliwaita watu wakaja wakatazama kila mnyama mchana kweupe, ili asitokee mtu baadaye akasema hakuona.

Lililobadilika ni ardhi. Zamani katika sehemu nyingi ilikuwapo ya kutosha, nayo haikuwa na bei. Tangu kazi ya kuunganisha mashamba na kuandikisha hati ilipoanza katika miaka ya 1950, kila shamba lililoandikishwa limekuwa na namba, mipaka na mwenyewe. Kisha barabara, soko, maji ya mfereji na umeme vikafanya mashamba mawili yaliyo jirani yasilingane bei hata kidogo. Macho ya mzee, hata yakiwa makali namna gani, hayawezi kuona tofauti hizo zote. Yataka hesabu.

THAMANI INA KAZI GANI

Katika Kenya, mirathi ya watu wengi hutawaliwa na Sheria ya Urithi, Sura ya 160, iliyotungwa mwaka 1972 na kuanza kazi tarehe 1 Julai 1981. Kwa sheria hiyo, thamani ya mali ina kazi nne.

Kwanza, yaonyesha mahakama ipi itasikiliza shauri. Kwa sheria ya mahakama za mahakimu ya mwaka 2015, hakimu wa daraja la chini aweza kushughulikia mirathi isiyozidi Sh. 5,000,000, madaraja yanayofuata ni Sh. 7,000,000, Sh. 10,000,000 na Sh. 15,000,000, na hakimu wa daraja la juu kabisa ni Sh. 20,000,000. Ikizidi hapo, shauri huenda Mahakama Kuu. Kinachotazamwa ni thamani ya mali yote kabla ya kutoa madeni. Jamaa wakitaja thamani ndogo mno, shauri laweza kuwa mbele ya hakimu asiye na uwezo nalo, na kazi yote ikaanza upya.

Pili, yaonyesha kama mali yatosha kulipa madeni. Gharama za mazishi ya kiasi, gharama za mahakama na madeni ya marehemu hulipwa kwanza. Warithi hugawana kinachobaki.

Tatu, ndiyo njia ya kupata mafungu ya haki, kama tulivyoona katika mfano wetu.

Nne, yasaidia kuhesabu zawadi za zamani. Ikiwa baba wakati wa uhai wake alimpa mtoto mmoja kiwanja au shamba, sheria yataka zawadi hiyo ikumbukwe wakati wa kupima fungu la mtoto huyo. Haiwezekani kuikumbuka sawasawa kama haina thamani iliyoandikwa.

Wako wanaoficha thamani kwa kuogopa kodi. Hofu hiyo ni ya zamani. Kodi ya serikali juu ya mali ya waliokufa iliondolewa katika Kenya mwaka 1982. Mwenye kuficha leo hajiokoi na kodi, bali awanyima ndugu zake.

DAFTARI YA MALI

Kabla ya kuthamini, andikeni. Chukueni daftari moja, mkae watu wa kila nyumba, mume kwa mke, na kila kitu kiandikwe mbele ya wote. Ardhi na iandikwe kwa namba ya hati yake, si kwa jina la kijiji tu. Mtu mmoja aende katika ofisi ya ardhi aombe upekuzi wa hati, ili ijulikane kama shamba bado lina jina la marehemu na kama liliwekwa rehani. Mara nyingine shamba limeandikwa kwa majina ya mume na mke kwa umiliki wa pamoja usio na mafungu. Hilo humwendea aliyebaki, wala haliingii katika mgawo.

Kisha andikeni majengo, mifugo, magari, mashine, na fedha za benki. Yako mambo ambayo husahauliwa mara kwa mara, nayo ni haya: bonasi ya majani chai ambayo haijalipwa, kahawa iliyokwisha pelekwa kiwandani lakini malipo yake hayajaja, kodi ya nyumba ambayo wapangaji bado hawajaleta, hisa za kampuni, fedha zilizo katika simu ya marehemu, na fedha alizowakopesha watu. Fedha za akiba ya uzeeni au za bima, ambazo marehemu alimwandikia mtu aliyemteua, zina njia yake nyingine ya kulipwa. Ziandikeni ukurasa wa peke yake, kisha mwulize wakili au karani wa mahakama.

Upande wa pili wa daftari andikeni madeni: mkopo wa chama cha ushirika, deni la hospitali, karo ya shule, na deni la dukani. Deni lisiandikwe kwa maneno ya mtu tu. Lazima aonyeshe karatasi au shahidi.

NANI ATHAMINI, NA KWA NJIA GANI

Wakati wa kuomba hati ya usimamizi wa mirathi, jamaa huruhusiwa kutaja thamani kwa kukadiria wenyewe kwa uaminifu. Kwa mali ndogo, ambayo warithi wote wamekubaliana, hiyo yatosha. Ng'ombe aweza kukadiriwa na wachuuzi wawili wa mnadani wasiohusika na jamaa; gari, na fundi wa magari; hisa, kwa bei ya soko la hisa la Nairobi siku iliyochaguliwa.

Lakini yako mambo matatu ambayo kwayo yafaa aitwe mthamini aliyeandikishwa: warithi wakikosa kupatana, mmoja akitaka kununua fungu la mwingine, au ardhi ikitaka kuuzwa. Kazi hii ina sheria yake, Sura ya 532, na iko bodi inayowaandikisha wathamini. Mwulizeni namba yake ya kuandikishwa kabla ya kumlipa hata senti. Patanani malipo mapema. Nayo yaweza kutolewa katika mali ya marehemu kama gharama ya mirathi, wala si lazima mmoja aubebe mzigo wote. Dalali si mthamini. Dalali hutaja bei anayoitumaini, kwa kuwa atapata sehemu yake mali ikiuzwa.

Mthamini hufanya nini? Hutazama hati na ramani, huenda shambani kuona mipaka, hupima majengo, kisha hutumia moja katika njia tatu, au zaidi ya moja. Njia ya kwanza ni kulinganisha: mashamba ya jirani yanayofanana na hili yaliuzwa kwa bei gani siku za karibu? Hii ndiyo njia ya kawaida kwa ardhi. Njia ya pili ni mapato: duka au nyumba ya kupanga huleta kodi kiasi gani kwa mwaka, baada ya kutoa matengenezo? Njia ya tatu ni gharama: kujenga jengo kama hili leo kungegharimu nini, na limechakaa kiasi gani? Mwisho huandika taarifa yenye tarehe, sababu za bei yake, sahihi na mhuri. Kila nyumba ya warithi na ipewe nakala.

Mama mjane asione haya kufuatana na mthamini siku ya kutembelea shamba. Ndiye ajuaye kisima kiko wapi, na sehemu ipi hufurika wakati wa masika.

THAMANI YA SIKU GANI?

Hili huleta mabishano mengi. Daftari ya kwanza inayopelekwa mahakamani huonyesha mali na madeni kama yalivyokuwa siku mwenyewe alipokufa. Lakini ikiwa miaka imepita kabla ya kugawa, bei hizo za kale haziwezi kutoa mafungu sawa, kwa maana huenda barabara imejengwa upande mmoja na si upande wa pili. Hapo mali na ithaminiwe tena wakati wa kugawa. Kanuni ya kushika ni nyepesi: mali yote ithaminiwe kwa tarehe moja. Si haki duka lihesabiwe kwa bei ya mwaka huu na shamba kwa bei ya miaka kumi iliyopita.

BINTI, MJANE, NA NDUGU WAISLAMU

Mahali pasipokuwa na wosia, Sheria ya Urithi huwapa watoto mafungu sawa, wa kiume na wa kike, aliyeolewa na asiyeolewa. Mjane wa mke mmoja, ikiwa watoto wapo, hupata vyombo vya nyumbani viwe vyake, na haki ya kutumia mali iliyobaki katika maisha yake. Wake wakiwa zaidi ya mmoja, mali hugawiwa kwa nyumba kwa hesabu ya watoto wa kila nyumba, na kila mjane aliye hai huhesabiwa kama mtu mmoja zaidi.

Kwa Waislamu, mirathi hufuata sheria ya Kiislamu, na Mahakama ya Kadhi ina uwezo wa kuisikiliza. Baada ya mazishi, madeni, na wosia usiozidi thuluthi, mafungu hutolewa. Hapa thamani haikwepeki, kwa sababu nyumba moja haiwezi kukatwa kwa msumeno. Mtu akiacha mke, wana wawili na binti mmoja, na mali safi ya Sh. 4,000,000, mke hupata thumuni, yaani Sh. 500,000. Zinazobaki Sh. 3,500,000 hufanywa sehemu tano: kila mwana hupata Sh. 1,400,000 na binti Sh. 700,000. Tena katika Mombasa ziko nyumba nyingi zilizojengwa juu ya ardhi ya mtu mwingine, na mwenye nyumba hulipa kodi ya ardhi. Mwenye kuthamini na athamini nyumba peke yake. Ardhi si ya marehemu, wala haiingii katika mirathi.

MWISHO WA MFANO WETU

Turudi kwa yule mzee wetu. Nyumba za kukaa ni ndogo, nasi tumeziacha nje pamoja na vyombo vyake, ili hesabu iwe nyepesi. Binti mmoja wa nyumba ya pili, aliyesoma kidogo, aliomba ruhusa kwa heshima akasema, "Wazee wangu, sikatai maneno yenu. Naomba tuandike kwanza." Daftari ikawa hivi:

Ekari 4 za juu: Sh. 6,000,000
Ekari 8 za bondeni: Sh. 2,400,000
Chumba cha duka: Sh. 1,500,000
Ng'ombe 3: Sh. 360,000
Pikapu: Sh. 400,000
Fedha benki: Sh. 140,000
Jumla: Sh. 10,800,000

Madeni: mkopo Sh. 500,000, hospitali Sh. 250,000, mazishi Sh. 150,000. Jumla Sh. 900,000.

Ikibaki Sh. 9,900,000 safi. Nyumba ya kwanza ni watu 4 pamoja na mama; nyumba ya pili ni watu 5; jumla 9. Kila mmoja hesabu yake ni Sh. 1,100,000. Basi nyumba ya kwanza yastahili Sh. 4,400,000, na nyumba ya pili Sh. 5,500,000.

Wakafanya hivi. Ng'ombe na pikapu, pamoja na fedha za benki, vilitengwa kulipa deni lote la Sh. 900,000. Nyumba ya pili ikapewa ekari 8 za bondeni na ekari 2 za barabarani, jumla Sh. 5,400,000. Nyumba ya kwanza ikapewa ekari 2 za barabarani na duka, jumla Sh. 4,500,000, nayo ikaahidi kuilipa nyumba ya pili Sh. 100,000 ili mizani ikae sawa. Fungu la kila nyumba likawa chini ya haki ya mama wa nyumba hiyo, na baada yake watoto.

Linganisha na shauri la kwanza: duka na ekari za juu zingekuwa Sh. 7,500,000 kwa watu wanne, na watu watano wangebaki na Sh. 3,300,000. Mwana mkubwa huenda hakuwa mwizi. Huenda yeye naye aliona ekari tu.

ONYO

Kabla mahakama haijatoa hati, mtu yeyote asiuze wala asigawe mali ya marehemu. Kuiingilia bila ruhusa ni kosa, na adhabu yake yaweza kufika faini ya Sh. 10,000 au kifungo cha mwaka mmoja, au vyote viwili. Mapatano ya jamaa, kama yale ya mfano wetu, ni ya kupelekwa mahakamani yathibitishwe; hayatekelezwi kabla ya hapo. Wasimamizi hawazidi wanne. Ombi lao hutangazwa katika Gazeti la Serikali, na mwenye kupinga hupewa siku 30. Ndani ya miezi sita tangu kupata hati, msimamizi yampasa kupeleka mahakamani daftari kamili ya mali na madeni. Hati iliyopatikana kwa kuficha mali yaweza kufutwa.

Ewe mwenye mali uliye hai, usiwaachie wanao kazi yote. Anza daftari leo, uweke namba za hati zako na madeni yako mahali ambapo mkeo apajua. Na ninyi warithi, msiseme kwamba kuhesabu ni kukosa adabu kwa marehemu. Mzee aliyefanya kazi miaka arobaini ili apate shamba hakulipata ili liwe sababu ya wanawe kutosalimiana njiani. Kuhesabu alichoacha, kwa haki na mbele ya wote, ni sehemu ya kumzika vema.